Gari la Kazi ya Miti: Hesabu za Kufanya Kabla ya Kununua

Msafiri anayeshuka kutoka Tukuyu kwenda Kyela huona nchi ikibadilika mbele ya macho yake. Milima yenye chai na migomba huachwa nyuma, na uwanda wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa hutandazwa chini yake. Katika uwanda huo, Ngonga ikiwa miongoni mwa kata zake, nyumba nyingi hujengwa karibu na miembe mikubwa, mikakao hupandwa chini ya miti ya kivuli, na michikichi huota kando ya njia. Mvua ni nyingi kuliko katika sehemu nyingi za nchi yetu, na udongo ukilowa huwa laini. Mti mzee unaoinamia paa la nyumba au darasa la shule katika mazingira hayo si jambo la kungojea. Kazi ya kupogoa miti, kuiangusha na kuiondoa kwa hiyo ni kazi ya lazima, na wako vijana wanaoweza kuifanya iwe riziki yao.

Tuchukue mfano wa kikundi cha watu watano. Wanao msumeno wa moto, kamba, mashoka na akiba ya fedha waliyoichanga kwa misimu kadhaa. Wanalohitaji sasa ni gari la kubebea magogo na matawi. Wakichagua vibaya, akiba yote itapotea: gari litavunjika springi, au litazuiwa kwenye mizani, au halitapata dereva aliyeruhusiwa kuliendesha, au, na hili ndilo baya kupita yote, litaua watu mteremkoni. Watu wengi hushauri linunuliwe gari kubwa kadiri fedha inavyotosha. Makala haya yanajaribu kuonyesha kwamba shauri hilo halitoshi, na kwamba uchaguzi ulio bora hutokana na hesabu chache ambazo mtu yeyote aliyemaliza shule ya msingi anaweza kuzifanya.

1. Gogo lina uzito gani?

Hesabu ya kwanza haihusu gari, inahusu mti. Watu wengi huujua uzito wa mbao kavu, kisha hudhani kwamba gogo bichi ni zito zaidi kidogo tu. Sivyo. Mti ulio hai umejaa maji, na katika miti mingi karibu nusu ya uzito wa gogo bichi ni maji. Mbao kavu ya msindano huwa na uzito wa kilo 450 hadi 500 hivi kwa kila mita moja ya ujazo. Gogo bichi la mti huohuo linaweza kukaribia kilo 900 au zaidi. Mkaratusi mbichi huweza kuupita uzito wa maji, yaani kilo 1,000 kwa mita ya ujazo. Shina la mchikichi nalo hudanganya macho: likikauka ni jepesi, lakini likiwa bichi ni kama sifongo iliyoloweshwa.

Kwa usalama, basi, tuchukulie kwamba kila gogo bichi lina uzito sawa na maji. Hapo tunapata kanuni nyepesi. Chukua futi ya kamba ya fundi cherehani, upime mzingo wa gogo katikati ya urefu wake, kwa mita. Zidisha mzingo kwa mzingo, kisha zidisha kwa urefu wa gogo kwa mita, kisha zidisha kwa 80. Jibu ni uzito kwa kilo. Namba 80 inatokana na hesabu ya duara: eneo la duara ni mzingo mara mzingo, kugawanya kwa 12.57; na 1,000 ikigawanywa kwa 12.57 hutoa karibu 80.

Mathalan, shina la mwembe lina mzingo wa mita 1.9 na urefu wa mita 3. Mzingo mara mzingo ni 3.61. Mara urefu ni 10.83. Mara 80 ni kilo 866. Kipande hicho kimoja, ambacho watu wanne wangeweza kukalia kama benchi, kina uzito wa watu 12 wa kilo 70 na zaidi.

Matawi na majani yana tabia nyingine. Yakitupwa ovyo garini hujaza bodi upesi, lakini uzito wake ni mdogo kwa kuwa sehemu kubwa ni hewa. Hivyo gari lilelile laweza kuonekana limejaa likiwa na mzigo mwepesi wa matawi, na laweza kuonekana karibu tupu likiwa na magogo mawili yanayolizidi nguvu. Jicho si mizani.

2. Gari limeruhusiwa kubeba kiasi gani?

Kila gari la mzigo lina namba mbili ambazo mnunuzi hana budi kuziuliza kabla ya kuuliza bei. Ya kwanza ni uzito wa gari tupu. Ya pili ni uzito wa juu wa gari pamoja na kila kitu kilichomo. Namba hizi huandikwa katika kibati cha kiwandani, aghalabu mlangoni au kwenye chesisi, na pia katika kadi ya gari. Tofauti baina yake ndiyo nafasi iliyobaki. Lakini nafasi hiyo si ya magogo peke yake.

Tuseme kikundi chetu kinaangalia lori dogo lenye uzito tupu wa kilo 2,600 na uzito wa juu wa kilo 4,500. Tofauti ni kilo 1,900. Sasa tutoe dereva na utingo wawili, kilo 210. Tutoe misumeno, kamba, mashoka, mafuta na oili, kilo 130. Tutoe jeki, minyororo na vipuri, kilo 60. Zinabaki kilo 1,500. Huo ndio uwezo wa kweli wa kubeba mti. Kipande kimoja cha mwembe wetu kitapakiwa bila shida. Vipande viwili, yaani kilo 1,732, vimezidi.

Jambo linalofuata ni mbavu za bodi. Tuseme bodi ina urefu wa mita 3.1, upana wa mita 1.7 na mbavu za mita 0.4. Ujazo wake ni mita 2.1 hivi. Magogo yakipangwa huacha mianya, na theluthi moja hivi ya nafasi huwa hewa. Kwa hiyo mti wenyewe ni mita 1.4 za ujazo, au kilo 1,400. Bodi hiyo ikijazwa hadi ukingoni, gari bado liko ndani ya mpaka wake. Lakini wamiliki wengi hupenda kuongeza mbao juu ya mbavu ili gari "libebe vizuri". Mbavu zikifika mita 1, ujazo huwa zaidi ya mita 5, na magogo yatakayoingia yatakuwa na uzito wa kilo 3,500. Fundi seremala ameongeza nafasi kwa siku moja. Springi, breki na tairi zimebaki zilezile. Kwa kazi ya magogo, mbavu fupi ni ulinzi. Mbavu ndefu zifungwe siku ya matawi tu.

3. Uzito umekaa wapi?

Kujua jumla ya mzigo hakutoshi. Lazima pia kujua umekaa juu ya ekseli ipi. Kanuni ni ileile ya mchezo wa watoto wa ubao wa kubembea. Tuseme umbali baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni mita 2.5, na mzigo wa kilo 1,500 umewekwa hivi kwamba kitovu cha uzito wake kiko nusu mita nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa sababu magogo ni marefu na yamechomoza. Hapo ekseli ya mbele inanyanyuliwa kwa kilo 300 (1,500 mara 0.5, kugawanya kwa 2.5), na ekseli ya nyuma inabeba kilo 1,800. Usukani unakuwa mwepesi, dereva anafurahi, kumbe tairi za mbele zinapoteza mshiko wake wa barabara. Katika matope ya masika gari hilo litakwenda linakotaka.

Magogo hayohayo yakikatwa yawe mafupi, na kitovu cha uzito kikawekwa mita 0.3 mbele ya ekseli ya nyuma, ekseli ya mbele itaongezewa kilo 180 na ya nyuma itabeba kilo 1,320. Mzigo ni uleule, gari ni lilelile, usalama ni tofauti kabisa.

Kadhalika mzigo lazima ufungwe. Gari likifunga breki kwa nguvu, mzigo husukuma mbele kwa nguvu inayoweza kufikia asilimia 80 ya uzito wake. Kwenye kona husukuma ubavuni kwa asilimia 50 hivi. Gogo letu la kilo 866 litaelekea kwenye kabini kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 690. Gogo bichi juu ya bamba la chuma lililolowa huteleza kama sabuni. Kamba ya katani ya kufungia mbuzi haifai hapa. Zinatakiwa mnyororo au mikanda ya mizigo, na ukuta imara nyuma ya kabini. Wala mtu yeyote asikae juu ya magogo.

4. Je, tela ni njia ya mkato?

Wengine husema: tununue pikapu, tuifungie tela. Shauri hilo lina faida yake. Tela likiwa chini ni rahisi kupakiwa, na pikapu huweza kufanya kazi nyingine tela likiwa limeegeshwa. Lakini tela lina hesabu zake tatu.

Ya kwanza ni uzito unaoruhusiwa kuvutwa. Watengenezaji wengi wa pikapu hutoa namba mbili: moja kwa tela lisilo na breki, aghalabu kilo 750, na nyingine kubwa zaidi kwa tela lenye breki zake. Uzito unaohesabiwa ni wa tela na mzigo kwa pamoja. Tela tupu la kilo 500 lililopakiwa gogo letu moja lina kilo 1,366. Likiwa halina breki, limeuzidi mpaka huo kwa karibu mara mbili. Tela lililotengenezwa mtaani kwa ekseli ya gari kuukuu linaweza kuwa imara kama jiwe, lakini kama halina breki, pikapu ndiyo itakayolizuia peke yake.

Ya pili ni uzito wa pamoja, yaani gari na tela vikiwa vimepakiwa. Tuseme pikapu ina uzito wa juu wa kilo 3,000, imeruhusiwa kuvuta tela lenye breki la kilo 2,500, na uzito wa pamoja usizidi kilo 5,200. Mtu hujumlisha 3,000 na 2,500 akapata 5,500, akafurahi. Amesahau namba ya tatu. Pikapu ikijazwa kabisa, tela halina budi kubaki kilo 2,200.

Ya tatu ni uzito unaokandamiza kiungo cha kuvutia tela. Katika tela la ekseli moja, inashauriwa uzito huo uwe kati ya asilimia 5 na 10 hivi ya uzito wa tela. Magogo yakirundikwa nyuma ya ekseli ya tela, kiungo hunyanyuliwa, na tela huanza kuyumba huku na huku. Kuyumba huko huongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, hadi tela linaipindua pikapu iliyolivuta. Mzigo mzito, basi, ukae mbele kidogo ya ekseli ya tela, na upungue kwenda nyuma.

5. Nani ameruhusiwa kuendesha?

Gari na dereva huchaguliwa pamoja. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 na marekebisho yake imegawa leseni za nchi yetu katika madaraja. Daraja B ni la magari yasiyo ya biashara. Halimruhusu mtu kuendesha gari la biashara, wala gari zito, wala gari la abiria. Daraja D ni la magari yote isipokuwa pikipiki, magari mazito na magari ya abiria. Daraja E huongeza magari mazito, na anayeliomba hana budi kuwa amekaa na daraja D kwa muda usiopungua miaka 3. Daraja G ni la magari ya mashambani na migodini. Mwenye leseni ya trekta asidhani kwamba imemfungulia mlango wa lori.

Kwa kikundi chetu maana yake ni nzito. Kijana mwenye daraja B aliyezoea kuendesha gari la mjomba wake haruhusiwi kuendesha lori la kikundi linalobeba magogo kwa malipo, hata kama ni hodari kupita wote. Na kama wote wana daraja D tu, wakinunua lori zito wamejifunga kwa miaka 3 kuajiri dereva wa nje, na mshahara wake utoke katika kila gogo. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, nakala ya kadi ya gari ipelekwe kwa polisi wa usalama barabarani, wanaotahini madereva, na iulizwe gari hili linahitaji daraja gani. Tela nalo lina usajili wake na namba yake. Ajali ikitokea na dereva akawa hana daraja linalotakiwa, kampuni ya bima inaweza kupata sababu ya kukataa kulipa.

Nchi nyingine zina mipaka ya aina hiyo. Katika Ulaya leseni ya kawaida huishia kwenye gari la kilo 3,500, na juu yake tela la kilo 750. Katika Uingereza mpaka wa tela ulilegezwa mwezi Desemba 2021, lakini mipaka ya mtengenezaji wa gari haikubadilika. Fundisho ni moja: sheria humruhusu mtu, lakini haiiongezei ekseli nguvu.

6. Barabara na mteremko

Barabara nayo ina mipaka yake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania mwezi Machi 2019, inahusu magari ya kuanzia kilo 3,500. Ekseli ya usukani yenye tairi mbili isizidi tani 8, na ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne isizidi tani 10. Sababu yake ni ya kisayansi. Majaribio yaliyofanywa Ottawa, jimbo la Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960, yalionyesha kwamba madhara ya ekseli kwa barabara huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Ekseli ya tani 12 badala ya 10 imezidi kwa moja ya tano tu, lakini inaiharibu barabara mara 2 zaidi. Njia za vijijini, ambazo hazina lami, huumia mapema kuliko hizo. Lori kubwa likididimia katika njia ya Ngonga wakati wa masika, limeifunga njia ya wagonjwa, wanafunzi na magunia ya kakao.

Kisha kuna mteremko. Tuseme kikundi kimepata kazi ya kuleta magogo ya msindano kutoka milima ya Rungwe, ambako kuna shamba la miti la Kiwira. Kutoka Tukuyu hadi uwanda wa Kyela gari hushuka karibu mita 1,000. Lori lenye jumla ya tani 10 linaposhuka kimo hicho hutoa nishati ya jouli milioni 98. Sehemu ndogo huliwa na upepo na tairi. Iliyobaki lazima iwe joto katika injini au katika breki. Ni joto linaloweza kuchemsha lita 290 za maji, karibu pipa moja na nusu. Dereva akishuka kwa gia kubwa huku akikanyaga breki mfululizo, joto hilo lote linaelekezwa kwenye vipande vichache vya chuma. Breki hupata moto, hupoteza mshiko, na kanyagio huzama bila jibu. Kanuni ya wazee wa barabara ni sahihi kisayansi: teremka kwa gia ileile ambayo ungepandia, ili injini ikuzuie. Na kila kilo iliyozidishwa imeongeza joto. Magari yanayozidi kilo 3,500 sheria huyawekea mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Mteremkoni mwendo ulio salama ni mdogo zaidi ya huo.

7. Uamuzi

Sasa kikundi chetu kinaweza kuamua. Kiandike kwanza kazi zake za mwaka mzima: mara ngapi ni matawi, mara ngapi ni magogo, mara ngapi ni safari ya mlimani. Kama kazi tisa kati ya kumi ni kupogoa na kuondoa miti ya nyumbani hapa uwandani, lori dogo lenye uwezo wa kweli wa kilo 1,500, linaloendeshwa na mwenye daraja D, linatosha. Gogo kubwa likatwe vipande vifupi. Gogo refu la mbao liachwe lipasuliwe palepale, au likodishiwe lori kubwa lenye dereva wa daraja E kwa siku moja. Kukodi mara tano kwa mwaka ni nafuu kuliko kulisha lori kubwa siku zote. Mahali pasipo haraka, magogo yaachwe wiki kadhaa yapungue maji. Jua hubeba sehemu ya mzigo bila malipo. Aidha, kabla ya kusafirisha mazao ya misitu, kikundi kipate kwanza kibali na hati ya usafirishaji kutoka kwa Wakala wa Huduma za Misitu.

Zoezi

Msomaji ajaribu hesabu hii. Lori lina uzito tupu wa kilo 3,000 na uzito wa juu wa kilo 5,500. Watu watatu na vifaa ni kilo 400. Kuna magogo manne ya mkaratusi, kila moja lina mzingo wa mita 1.25 na urefu wa mita 4. Je, yote yanaweza kubebwa safari moja?

Jibu: nafasi iliyopo ni kilo 2,100. Gogo moja ni 1.25 mara 1.25, mara 4, mara 80, yaani kilo 500. Magogo manne ni kilo 2,000. Yanaweza kubebwa, na zinabaki kilo 100 tu. Mwenye mti akiomba apakiziwe pia gunia mbili za mchele na nduguye wa kumsindikiza mjini, jibu liwe ni hapana.